Yah: Nyumba Nzima Kuingia Ndani ya Maikrofoni Yangu

Chumba cha Nyuma,
Jumatano, baada ya chai ya jioni.

Kwa Mama,
Mkuu wa Nyumba na Mwenye Cherehani,
Chumba cha Mbele.

Mama yangu mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, jambo ambalo sina wasiwasi nalo kwa sababu nakusikia ukikohoa hapo upande wa pili wa ukuta.

Huenda utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali tunaishi nyumba moja na tumetoka kunywa chai pamoja sasa hivi. Sababu ni kwamba kila nikikueleza jambo kwa mdomo unanijibu, "Sema kwa sauti, mwanangu, sikusikii," na mimi nikipandisha sauti nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi sijawahi kuambiwa sisikiki.

Jambo lenyewe unalijua nusu. Insha yangu, "Faida za Ukimya", imechaguliwa kuwa bora shuleni, na mshindi hutakiwa kuisoma mbele ya watu wote Siku ya Wazazi. Mama, mimi siwezi. Mara ya mwisho niliposimamishwa mbele, na hilo lilikuwa darasa letu tu, watu ninaowafahamu tangu tuking'oka meno, nilisahau mpaka salamu. Nikasema "Asanteni" na kurudi kukaa. Mwalimu wa Kiswahili amenionea huruma. Amesema nikimpelekea insha niliyoirekodi vizuri, isikike kila neno, kabla ya wiki hii kwisha, ataipiga kwenye spika za ukumbi na mimi nitakaa zangu nyuma kabisa, karibu na mlango. Isiposikika, nitasimama. Hayo ndiyo masharti. Kwa hiyo ukiona nimeandika kwa ukali, jua kwamba ninapigania kiti changu cha nyuma.

Mjomba, ambaye kazi yake ni kusherehesha harusi na ambaye hajawahi kuogopa watu hata siku moja, alinipa maikrofoni ya studio aliyokuwa ameitelekeza kabatini, pamoja na kisanduku chake na waya. Tangu vitu hivyo vifike humu ndani nimepatwa na madhila yafuatayo, ambayo naomba uyasome mguu wako ukiwa umepumzika kwenye cherehani.

1. Kuhusu umeme. Mwanzoni nilisoma insha nzima, tena kwa hisia, mbele ya maikrofoni iliyokuwa maiti. Nikarudia kesho yake, kwa hisia zaidi. Kwenye kompyuta ya Kaka mstari wa sauti ulinyooka kama uzi uliovutwa. Kaka mwenyewe akapita mlangoni akasema, "Profesa, unahutubia chuma?" Nilipompigia Mjomba simu, aliniuliza, "Mpwa wangu, ile nyekundu umeibonyeza?" Nikamuuliza ipi. "Ile iliyoandikwa arobaini na nane." Nikamwambia hakunieleza habari za nyekundu yoyote. Akasema, "Kwani hata redio huwa nakueleza uiwashe?"

Kumbe maikrofoni si zote sawa, Mama. Ile ya harusi anayoishika Mjomba mkononi haidai kitu. Unapiga kelele, kelele yako yenyewe inasukuma koili ndogo iliyomo ndani, na huo ndio umeme wake. Hii ya studio ni ya kifalme. Ndani yake mna utando mwembamba kuliko karatasi ya peremende, na hausemi neno mpaka upelekewe volti arobaini na nane kutoka kwenye kisanduku, kwa kupitia waya ule ule ambao sauti inarudia. Umeme unakwenda, sauti inakuja, na havigongani. Jambo hilo limenishangaza sana kwa sababu kwenye korido yetu watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kukanyagwa.

Malalamiko yangu hapa ni mawili. La kwanza ni dhidi ya Mjomba, ambaye naomba aandikiwe barua ya onyo. Nimeshaiandaa, inasubiri saini yako. La pili ni la haki. Kifaa kinalishwa kabla hakijafungua mdomo na hakuna anayekishangaa, lakini mimi nikiomba kimya tu nisome ukurasa mmoja, naambiwa najidekeza.

2. Kuhusu kisanduku. Jina lake ni priampu, na kazi yake inafanana na ya yule shangazi kwenye shughuli za ukoo ambaye ukimnong'oneza jambo analirudia kwa wote waliopo. Sauti inayotoka kwenye maikrofoni ni ndogo mno, haiwezi kufika popote peke yake, kwa hiyo priampu inaikuza kwanza. Ina kidude cha kuzungusha. Ukikizungusha kidogo, sauti inakuzwa kidogo. Ukikifikisha mwisho, nzi anasikika akibadili mawazo.

Mimi nimekifikisha mwisho, na si kwa kupenda. Naomba ieleweke kwamba maikrofoni nimeiweka mezani kwa usahihi mkubwa. Upande wake mmoja una nembo ya dhahabu, na upande huo nimeuelekeza mlangoni, kwa sababu nembo huwekwa ili watu waione, kama kibao chako cha "Tunashona na Kurekebisha" kinavyotazama barabara na si kukutazama wewe. Mimi nikakaa nyuma yake, mahali pa mwenye duka. Pamoja na utaratibu wote huo, sauti yangu ilitoka kama inatokea nyumba ya jirani, na sauti za chumba cha mbele zikatoka kama zimekaa mapajani mwangu. Nikasogea. Nikakaza koo. Nikazungusha kidude hadi kikagoma. Tukapanda sote pamoja, nanyi mkabaki juu yangu.

Nimelitafakari hilo kwa moyo mweupe na nimefikia uamuzi kwamba sauti yangu ni dhaifu, kifaa kimeipima na kuikataa. Nimekubali. Lakini kama yangu haiwezi kupanda, basi zenu hazina budi kushuka, na hilo ndilo chimbuko la malalamiko yaliyobaki.

3. Kuhusu cherehani na mwendeshaji wake. Jana nilikuwa nimefikia sentensi ninayoipenda kuliko zote, isemayo, "Katika ukimya, hata moyo husikia ukiitwa." Hapo hapo akaingia mteja wako. Nanukuu kutoka kwenye rekodi, neno kwa neno:

"Fundi! Gauni langu! Shughuli kesho na wewe bado unakata?"

"Shh, teremsha sauti, mwanangu anarekodi."

"Anarekodi wimbo?"

"Insha. Ameshinda shule nzima."

"Nani, huyu wa kati? Si haongei huyu?"

"Huyo huyo. Maneno anayo, tena mengi. Yako tumboni tu, hayajapata njia."

"Basi na gauni langu liko kitambaani, nalo halijapata njia."

Mkacheka nyote wawili, na baada ya hapo ni tatatatata mpaka mwisho wa insha. Naomba uone ukubwa wa tatizo, Mama. Katika insha inayosifu ukimya, maneno yanayosikika wazi kuliko yote ni "gauni langu". Isitoshe, nimegundua kwa kusikiliza rekodi nyingine kwamba habari za ushindi wangu umemwambia mwenye gauni, mwenye suruali ya kupunguza, mwenye zipu, na hata kijana aliyekuja kuuliza njia tu. Sifa zangu humu ndani zina sauti kuliko mimi mwenyewe.

Ninachopendekeza ni kwamba hadi nitakapomaliza, nguo zote zishonwe kwa mkono. Ikishindikana, basi cherehani iende kwenye nukta zangu tu. Nikifika nukta, shona. Kwenye mkato usithubutu.

4. Kuhusu mdogo wangu wa mwisho, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimiki. Huyu huja kwenye tundu la ufunguo. Nanukuu:

"Dada. Dada. Umeshaanza?"

Mimi nasoma tu.

"Dada, mimi nimenyamaza. Unasikia ninavyonyamaza?"

Nasoma.

"Mama! Dada hanijibu!"

Hapo wewe ukasema "Shh!", Kaka akasema "Shhhh!" kutoka bafuni, na mteja ambaye hata simjui akasema "Shh!" ya heshima. Nimeangalia mistari kwenye kompyuta. Kelele ndefu kuliko zote katika nyumba hii si cherehani wala Redio. Ni "shh". Naomba ipigwe marufuku. Atakayemnyamazisha mwenzake anyamazishwe kwa kuguswa bega. Redio mwenyewe aazimwe kwa Mjomba, ambaye kazi yake inamhitaji mtu wa aina hiyo.

5. Kuhusu mengineyo. Friji inanguruma, inatulia, kisha inashtuka kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Niliizima nikasahau kuiwasha. Suala la maziwa tulishalizungumza, yaani wewe ulilizungumza.

Kaka naye husimama koridoni akiamini koridoni hakuna masikio, akamnong'oneza mtu fulani kwenye simu. Aliyoyasema siyaandiki kwa heshima yako. Nitasema tu kwamba alijiita "katoto kako", na ana ndevu. Rekodi nimeihifadhi mahali salama, na tangu nimjulishe, zamu yangu ya vyombo imekuwa yake.

Kisha kuna magodoro. Nilisoma kwamba ukuta mtupu hurudisha sauti, kwa hiyo nilikusanya magodoro yote ya nyumba nikayaegemeza kuzunguka meza yangu. Kazi ilianza kupendeza kabisa. Wakaja wenyewe kuyadai mmoja mmoja, eti wanataka kulala. Sikatai kuwa kulala ni haki. Nauliza tu kama ni haki ya wote kwa pamoja.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomelea mageti. Yeye si wa ukoo wetu na sina mamlaka naye, ila naomba umpelekee ujumbe wa kirafiki, akipenda wiki hii achomelee kitu laini.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Leo nimerudi kutoka shule nikakuta maikrofoni imeguswa. Imefutwa, inang'aa, na imerudishwa mezani kinyumenyume, nembo ya dhahabu ikikitazama kiti changu na mgongo ukiwa mlangoni. Nilipokuuliza ulisema, "Nimeifuta vumbi tu, ilikuwa inatia aibu." Mama, hicho si kikombe cha kabatini. Kila kitu pale mezani kimekaa kwa hesabu. Ningekuwa mimi ndiye niliyegeuza kitambaa cha mteja kwenye cherehani yako, nikafunga mshono ndani nje, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine saa hizi.

Nilikasirika kiasi kwamba sikuirudisha. Niliketi nikaisoma insha yote vile vile ilivyokaa, kwa hasira, makusudi, ili uharibifu uingie kwenye kumbukumbu na uwe ushahidi. Sijaisikiliza. Nitaisikiliza nikimaliza barua hii, na nina hakika safari hii hata ule mnong'ono wangu wa jirani hautakuwapo.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo. Kesho Alhamisi, tangu nitokapo shule hadi giza liingie, nyumba iwe tupu. Wewe na cherehani mwende kwa Mjomba. Redio atakuwa ameshatangulia. Kaka abebe simu yake na friji; toroli naweza kumwazimia kwa muuza matofali. Wateja waambiwe fundi amesafiri na nguo zao zinamfuata. Saa ya ukutani itolewe betri. Kama hayo ni mazito, basi nihame mimi. Nitafutie chumba kisicho na watu, cherehani, friji wala jamaa, nami nitakuwa nakuja kuwasalimu mwishoni mwa wiki na kuondoka kabla hamjaanza kuongea.

Nitue kalamu kabla Redio hajaja kuuliza kama nimeitua. Nisalimie Kaka, na umwambie sufuria haikutakata. Nisalimie Redio, ila asirudishe salamu kwa tundu la ufunguo. Wasalimie wateja wote wanaojua habari zangu kuliko ninavyozijua mimi, na yule wa gauni umwambie natumaini limepata njia. Mjomba hatutamsalimia mpaka apokee onyo lake.

Ni mimi, nikutiiye katika mambo yote isipokuwa ya vumbi,

Binti yako wa Kati
(Profesa)

Tanbihi, imeongezwa Ijumaa:

Mama, barua hii sikuipitisha chini ya mlango kama nilivyokusudia. Nilipomaliza kuiandika nilivaa hedifoni nikaifungua ile rekodi ya hasira, nikaruka kitini. Kulikuwa na mtu ananifokea masikioni. Sauti nene, imejaa, imepasuka pande zote, na kwenye kompyuta mistari ilikuwa imegonga juu na chini. Nilizivua, nikatazama nyuma yangu. Nikazivaa tena. Alikuwa mimi.

Kumbe maikrofoni ya namna hii husikiliza upande mmoja, ule wenye nembo, na upande wa pili inaupa mgongo. Siku zote hizo niliielekeza kwenu, nikakaa nyuma yake, nikailaumu nyumba nzima kwa kusikika. Ilikuwa inarekodi chumba cha mbele kwa uaminifu kabisa, na mimi nilikuwa mpita njia. Wewe na kitambaa chako cha vumbi mkairekebisha bila kujua, nami nikakuita mharibifu katika namba sita.

Basi nikaanza upya. Nikisema neno, taa nyekundu ya priampu inawaka, maana yake nimezidi, nipunguze. Nikakirudisha kidude nyuma, kikaja nyuma tena, mpaka kikabaki robo tu. Na kadiri nilivyokirudisha, ndivyo cherehani yako ilivyokwenda mbali, ikawa kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. "Shh" zote zikaondoka. Nikabaki mimi peke yangu, kila neno na mwisho wake. Mama, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniambia nina sauti kubwa mno. Taa ile ndiyo ya kwanza. Niliiwasha mara kadhaa zaidi bila sababu yoyote ya kazi.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote nayafuta, isipokuwa la Kaka, kwa ajili ya vyombo.

Jana nilimpelekea mwalimu rekodi. Akaipiga ofisini, walimu wote wakaacha kusahihisha. Kisha akaja darasani akasema sauti kama hii haifai kujificha ndani ya spika, na Siku ya Wazazi nitasoma mwenyewe, nimesimama. Nilikataa. Naapa nilikataa. Lakini nilikataa kwa sauti yangu ya kila siku, naye akasema, "Hebu rudia, sikukusikia," darasa zima likageuka kunitazama, na nikajikuta nasema, "Asante."

Sasa nimebaki na ombi moja tu, nalo linapingana na kila nilichoandika huko juu. Mje wote. Mkae safu ya mbele. Njoo na nguo ya kupinda pindo na mkasi wako ule unaolia. Mlete mwenye gauni. Kaka asizime simu. Redio anyamaze kwa ile namna yake, niwe namsikia anavyonyamaza. Ile rekodi unayosema maneno ninayo sikuifuta, naisikiliza kila mara kabla ya kuanza mazoezi. Ukiniona nimesimama pale mbele na midomo haifunguki, Mama, usiniambie nipandishe sauti. Sema "shh", moja tu, ile ndefu. Mara zote nilizoisoma insha hii, "shh" hiyo ilikuwapo, na mpaka sasa sijui namna ya kuianza kukiwa kimya.